Barua ya wazi kwa mnaoshika funguo za Rickwood

Waheshimiwa,

Mimi si mwenyeji wenu. Ni mzazi tu, Mtanga niliyeletwa Georgia na riziki, na mwaka huu nimekanyaga uwanja wenu wa Rickwood siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa mwanangu wa miaka 14 anacheza besiboli na timu yake ilikuja Birmingham, Alabama, kwenye mashindano ya vijana. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kuombea jambo bila kukwama. Tena nataka wazazi wenzangu wa Atlanta, Clarkston na kwingineko, ambao watoto wao nao wameanza kubeba magongo na glavu, waisome kabla yenu. Nakala yenu ataitia Kiingereza mwanangu. Akipunguza makali, mlaumuni yeye.

Tulitoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri. Kutoka Atlanta hadi kwenu ni kama kilomita 240 za barabara iliyonyooka, na njiani kuna mtego ambao mgeni haambiwi: ukivuka mpaka wa Alabama saa inarudi nyuma. Sisi tukajihesabia kuwa tumefika saa moja asubuhi. Kumbe kwenu ni saa kumi na mbili, lango limefungwa, na kocha wetu, aliyelala mjini usiku huo, anatucheka kwenye simu. Tukabaki na saa nzima ya bure mikononi, na bila saa ile nisingekuwa na la kuwaandikia.

Tukauzunguka uwanja kwa miguu, mimi na mwanangu na mama mmoja wa Uvira ambaye kijana wake ndiye mdakaji wa timu. Rickwood haukai mjini kwenye maghorofa. Uko magharibi, katikati ya watu, nyumba ndogondogo zenye baraza mbele, nyingine zina maua, nyingine madirisha yamepigwa mbao. Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani na kikombe chake. Akatupungia mkono, nasi tukampungia. Kiingereza hakina shikamoo, na asubuhi kama ile ndipo unapoona pengo lake.

Lango lilipofunguliwa tukaingia na wengine. Ndani mna giza la baridi chini ya majukwaa, halafu unatoka upande wa pili na uwanja wote unakufungukia mara moja, kijani kitupu. Mwanangu, ambaye siku hizi hashangazwi na kitu, alisimama. Yule mama wa Uvira naye alikuwa amesimama mbele ya jina la Willie Mays, gwiji wa besiboli. Akalisoma taratibu, akawatazama wale vijana waliokuwa wakifunga kamba za njumu zao huku wanabishana kuhusu simu, akaniuliza: “Baba, hawa batoto banajua nani alichezaka hapa?”

Nikamwuliza mwanangu. Jina alilijua. Kwamba Mays alianzia kwenye nyasi hizi, akiwa na miaka mitatu tu zaidi ya yeye, hakujua. Nikawauliza wenzake wanne, jibu likawa lilelile. Nikamwendea kijana wa waandaaji aliyekuwa na karatasi ya ratiba, nikamwuliza kama kuna mtu atakayezungumza na watoto kidogo kabla ya mechi, hata dakika kumi. Akatazama saa yake. Mechi zimebanwa, akasema. Mechi ikitimiza muda wa saa moja na dakika arobaini hakuna zamu mpya ya kupiga inayoanzishwa, timu nyingine iko nje inasubiri. Hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu aliyepewa ratiba.

Hapa niweke wazi, msije mkadhani nawasema ninyi. Mashindano yale yaliandaliwa na kampuni ya watu waliokodi uwanja. Jina lao silitaji, kwa sababu wanafanya kama wafanyavyo wenzao wote: wanapanga mechi nyingi iwezekanavyo, wanakusanya ada ya timu, halafu wanaweka meza mlangoni na kumtoza kila mzazi dola kumi na tano kwa siku. Shida yangu si na wao. Mwenye kukodi huchukua alichopewa. Nawaandikia ninyi kwa kuwa nyumba ni yenu, na mwenye nyumba ndiye anayemwambia mpangaji viatu vinavuliwa wapi.

Wasomaji wangu wa Kiswahili hawaijui nyumba hii, niruhusuni niwape habari zake. Ninyi rukeni, mnazijua.

Rickwood ulifunguliwa tarehe 18 Agosti 1910. Katika viwanja vya besiboli ya kulipwa vilivyosalia Marekani hakuna ulio mkubwa wake kwa umri. Fenway ya Boston, ambayo watu huiita mzee, ni ya 1912. Aliyeujenga ni tajiri wa chuma, Rick Woodward, na jina la uwanja limekatwa kwenye jina lake, Rick na Wood. Siku ya kwanza alivaa sare akaurusha mwenyewe mpira wa kwanza wa mechi. Ukuta wa zege wa zamani bado upo, nyuma ya uzio wa sasa, na una alama ya X mahali mpira wa Walt Dropo ulipogonga mwaka 1948, futi 467 kutoka kwa mpigaji. Kwa hesabu zetu ni zaidi ya mita 140. Babe Ruth naye inasimuliwa alipiga mpira ukavuka ukuta ukaangukia behewa la treni iliyokuwa ikipita, ukaenda zake mji mwingine. Sijui kama ni kweli, ila ni hadithi ambayo hata Tanga ingepata wasimuliaji.

Uwanja ulikuwa na timu mbili. Barons ilikuwa ya Wazungu. Black Barons ilikuwa ya Weusi, nao walikuwa wapangaji: Barons wakisafiri, wao wanakodi. Wachezaji wao wengi walitoka migodini na kwenye viwanda vya chuma vya mji huu, kwa kuwa kila kiwanda kilikuwa na timu yake ya wafanyakazi, na mtu aliweza kushinda wiki nzima mbele ya tanuri kisha Jumamosi akarusha mpira usiogusika. Mrushaji maarufu Satchel Paige alirusha hapa miaka ya mwisho ya 1920. Jumapili watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja na suti na kofia zao. Siku hizo majukwaa yote mazuri yalikuwa yao. Lakini walipocheza Barons weupe, Mweusi aliyelipa tiketi alielekezwa mabenchi ya mbali, upande wa kulia, huko akae.

Mwaka 1948 akaingia Willie Mays, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, miaka 17, bado mwanafunzi wa sekondari kule Fairfield. Kocha wake Piper Davis alimchezesha mwishoni mwa wiki na kwenye mechi za nyumbani hadi shule ilipofunga. Mwaka huo Black Barons walichukua ubingwa wa ligi yao, wakaenda kukutana na Homestead Grays katika fainali ambayo ikaja kuwa ya mwisho kabisa kwa Ligi za Weusi. Walishinda mechi moja tu, na waliishinda hapahapa Rickwood: mrushaji Bill Greason, na pigo la ushindi la yule mwanafunzi katika zamu ya tisa.

Haya ndiyo yaliyotangazwa dunia nzima tarehe 20 Juni 2024, ligi kuu ilipoleta mechi yake kwenu, Cardinals wakawafunga Giants 6 kwa 5. Mays alikuwa amefariki siku mbili nyuma yake, miaka 93. Greason alikuwepo, miaka 99, akarusha mpira wa heshima. Waamuzi wote siku hiyo walikuwa Weusi, jambo ambalo ligi kuu haikuwahi kuliona. Niliitazama sebuleni na mwanangu. Nilidhani amesikia yote yaliyosemwa. Kumbe alikuwa anatazama mpira tu, na sina ubavu wa kumgombeza, na mimi nilikuwa naangalia nyama isiungue.

Sasa nirudi Jumamosi ile. Mechi yetu ya kwanza tulifungwa. Vijana wakaenda kupanga foleni ya maji, na pale kwenye foleni palikuwa na mzee mwenye kofia ya ukili, ameegemea fimbo. Alikuwa ni yule wa barazani. Alimwuliza mwanangu anacheza nafasi gani. Mwanangu akasema upande wa kulia wa mbali, kwa sauti ya chini, kwa kuwa watoto huona huko ndiko anakopelekwa asiyeweza. Mzee akacheka. Akanyoosha fimbo kuelekea kulia, akawaambia baba yake alikuwa akikaa kule, nyuma ya alipokuwa amesimama mwanangu. Akaonyesha jinsi alivyokuwa akishika kofia jua likimpiga. Akawaambia kwamba baba yake alikuwa fundi wa tanuri, alilipa tiketi kwa pesa yake halali, na hakuwahi kuiona mechi ya Barons kutoka sehemu nyingine yoyote ya uwanja huu.

Ilikuwa dakika tano. Walioisikia ni vijana watano, kwa sababu ndio waliokuwa na kiu. Timu zilikuwa nyingi siku ile, na watoto wengine wote walirudi Georgia, Mississippi na Tennessee na medali za plastiki na picha za simu.

Usiku hotelini mwanangu hakulala mapema. Alianza kusoma, na kila baada ya muda ananisomea. Ndivyo nilivyojua habari ya sheria yenu ya zamani ya michezo. Nilidhani anatania. Mji wa Birmingham ulikuwa na sheria iliyokataza Mweusi na Mzungu kucheza pamoja karata, dadu, dhumna na dama, na mwaka 1950 ikaongezwa besiboli, mpira wa miguu wa Kimarekani, mpira wa kikapu na mingineyo ya aina hiyo. Mimi nimekulia barazani. Nimeona Mwarabu, Mdigo, Mhindi na Msambaa wakigombana kwa dhumna mpaka kahawa inapoa, wakatukanana, wakarudi kesho. Nikajaribu kumpata polisi anayekuja kukamata watu kwa dhumna. Sikuweza, akili ilikataa. Mwanzoni mwa 1954 watawala wa mji waliilegeza ili timu za ligi kuu zenye Weusi zije kucheza hapa. Ilipofika Juni wananchi wakapigishwa kura wakairudisha. Barons wenyewe, ligi yao iliona afadhali kufa kuliko kuchanganyika: baada ya msimu wa 1961 ikavunjika, na 1962 na 1963 uwanja ukakaa bila Barons. Waliporudi 1964 ndipo wachezaji Weusi na weupe wakavaa jezi moja.

Halafu akanisomea la Connor.

Wazazi wenzangu, jina la Bull Connor mmewahi kulisikia pengine kwenye habari za Martin Luther King. Ndiye kamishna wa usalama aliyewafungulia watoto maji ya zimamoto na mbwa wa polisi Mei 1963. Watoto wa shule, wengine wadogo kuliko mwanangu, waliotoka madarasani kuandamana. Nilichokuwa sikijui mimi, na nadhani wengi hawakijui, ni kwamba Connor kabla ya siasa alikuwa mtangazaji wa besiboli redioni. Mechi za Barons. Sauti yake ndiyo iliyomfanya apendwe, na kupendwa kukampa kura, na kura zikampa polisi, na polisi wana mbwa.

Mwanangu akanitazama, akaona nimebadilika uso, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, lala. Lakini kilikuwepo, na ninyi waheshimiwa itabidi niwaeleze neno moja la kwetu ndipo mnielewe.

Nilipokuwa mtoto Tanga tulikuwa na uwanja wa Mkwakwani. Coastal Union wakicheza na African Sports mji wote unahamia huko. Sisi watoto hatukuwa na senti. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, unamsubiri mtu mzima mwenye tiketi, unamwambia, “Mjomba, nishike mkono,” na akiwa mwema unaingia naye kama mwanawe. Nina wajomba wengi sana mjini Tanga ambao sikuwahi kuwajua majina. Ya pili, unasubiri nje, unasikiliza mechi kwa kelele, unajifunza kutofautisha kelele za bao na kelele za kukosa, mpaka zinabaki dakika kama kumi na tano. Hapo mlinzi anachoka, pesa zimeshahesabiwa, anafungua lango lote wazi, na sisi tunamiminika ndani tunapiga mayowe. Kufungua lango namna hiyo, nchi nzima tunakuita “fungulia mbwa”.

Ndiyo, sisi ndio mbwa. Hakuna anayeona vibaya. Ni neno la furaha. Mpaka leo mtu akiniambia fungulia mbwa nasikia harufu ya machungwa na vumbi, na mguu unataka kukimbia.

Nimeshindwa kulitamka neno hilo Birmingham. Jumapili asubuhi nilikuwa mlangoni nimeshika dola zangu thelathini, mimi na mama wa Uvira, maana yeye Jumamosi alikuwa amelipa kwa pesa ya mafuta ya kurudia. Nje ya uzio walisimama watoto watatu wa mtaani pale na baiskeli moja, wanatazama ndani kama tulivyokuwa tukitazama sisi. Yule mzee wa kofia ya ukili hakuwepo. Jumamosi, nilikuja kuambiwa na kocha, aliingia kwa kuwa mtu wa mezani alikwenda chooni. Neno likanijia mdomoni, na mji niliosimama ukanirudisha nyuma. Kwetu maana yake watoto wanaingia. Kwenu liliwahi kuwa amri ya polisi.

Niliwalipia wale watatu. Arobaini na tano nyingine, na mke wangu akisoma hapa ndipo atakapojua. Walikaa juu kabisa, wakawa wanamshangilia mdakaji wetu kwa sababu alikuwa na viatu vyekundu. Zamu ya tatu mmoja wao akashuka kuniuliza kama glavu ni ghali. Nikamwambia ghali. Nilitakiwa niseme nini? Gongo la mwanangu lina bei kuliko viatu vyangu vyote nikivipanga mlangoni, na hapo sijataja ada, mafuta na hoteli. Besiboli ya vijana imekuwa mchezo wa wenye gari kubwa na likizo ndefu. Mwaka 1981, katika kila wachezaji mia wa ligi kuu, Wamarekani Weusi walikuwa zaidi ya 18. Msimu wa 2024 ulipofunguliwa walikuwa sita. Ile fainali ya 2022, Astros na Phillies, hakuwemo hata mchezaji Mweusi mmoja aliyezaliwa Marekani, na jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu 1950. Leo hakuna sheria inayomkataza mtoto yeyote wa mtaa wa Rickwood kucheza na mwanangu. Kuna meza tu mlangoni.

Ombi langu ni hili, na ni moja. Uwanja mnaukodisha, wekeni sharti ndani ya mkataba. Atakayeleta mashindano ya watoto Rickwood akubali mambo mawili kabla hajapewa ufunguo. Asubuhi ya kwanza, kabla mpira haujarushwa, watoto wote watembezwe hadi upande wa kulia wa mbali, wasimame pale, na mtu wa mtaa huu awaambie nani alikaa pale na kwa nini. Nusu saa. Na siku zote za mashindano, watoto na wazee wanaoishi jirani waingie bila kulipa, kuanzia mechi ya kwanza, wasingoje mlinzi achoke.

Najua mtakalosema kuhusu kibao. Vibao vipo, na ni vizuri, nimevisoma. Lakini mtoto wa miaka 14 hasomi kibao, husikiliza mtu. Wale watano waliopanga foleni ya maji wamelisimulia basi zima habari ya baba wa yule mzee na kofia yake, na kufika Anniston, njiani kurudi Georgia, habari ilikuwa imeshaongezewa chumvi, baba mtu amekuwa jitu. Hakuna hata mmoja aliyetaja kibao.

Mtasema pia kwamba paa halijitengenezi. Kweli. Barons walipowaachia uwanja baada ya msimu wa 1987 wakahamia Hoover, ungeweza kuvunjwa kama vilivyovunjwa vingine, pakajengwa maegesho. Haukuvunjwa kwa kuwa watu walijikusanya 1992 wakajiita Marafiki wa Rickwood, wakaanza kuchangishana na kupaka rangi. Mimi nawashukuru watu hao, kwa kuwa bila wao mwanangu asingesimama mahali popote. Na wanaoukodi uwanja wanaleta pesa, sikatai. Lakini pesa hizo wanazipata kwa sababu ya jina la mahali. Wangetaka nyasi tu, nyasi ziko Georgia, tena karibu zaidi na nyumbani kwangu. Mzazi anaendesha usiku kwa kuwa tangazo limesema “uwanja wa Willie Mays”. Basi Willie Mays mwenyewe apewe nusu saa.

Ratiba? Mechi moja ipunguzwe. Sisi tulicheza nne, na ya nne vijana walikuwa wanapiga hewa kwa uchovu.

Kuna kisa kingine nilikipata usiku uleule, na nakileta kwa sababu kinaihusu Georgia yangu, msije mkaona nawanyooshea kidole ninyi peke yenu. Mwaka 1955 Charleston, South Carolina, ilikuwa na timu ya watoto Weusi wa miaka 11 na 12, ya YMCA ya Cannon Street. Ilipojiandikisha mashindano ya jimbo, timu 61 za Wazungu zikajitoa zote. Wale watoto wakawa mabingwa bila kurusha mpira, halafu wakakataliwa kwenda hatua iliyofuata, ambayo ilikuwa ichezwe Rome, Georgia, kwa hoja kwamba ushindi wa bila kucheza hauhesabiki. Wakaalikwa kwenye fainali za Williamsport, Pennsylvania, kama wageni. Walisafiri kwa basi. Waliruhusiwa kupasha misuli uwanjani, kisha wakapandishwa jukwaani kutazama wenzao. Watu waliokuwa majukwaani wakaanza kupiga kelele: waacheni wacheze! Hawakuachwa.

Mwanangu alikirudia kisa hicho mara mbili. Kilichomkera hakikuwa kile nilichotarajia. Aliniuliza, “Baba, walibeba glavu zao wakati wanatazama?” Sina jibu. Nadhani walizibeba. Wewe ungeacha glavu yako kwenye basi?

Jumapili tulishinda moja. Katika zamu ya tano mpira mrefu ulikwenda kulia, mwanangu akakimbia kinyumenyume mpaka karibu na uzio, akaudaka, akaanguka nao. Alipoinuka hakututazama sisi wazazi. Alitazama nyuma yake, juu, kule mabenchi yalikokuwa.

Kocha amesema tumeshaandikishwa tena kwa masika yajayo, kampuni ileile, wiki ya pili ya mashindano. Mnayo nafasi ya kutosha kuuandika upya mkataba. Sisi tutafika mapema, maana saa zenu bado zitakuwa nyuma yetu, na nitapita kwanza pale barazani kumwuliza mzee kama miguu inamruhusu kuvuka barabara. Kama sharti halijaandikwa, tiketi yake nitailipa mimi.

Wenu,
Mzazi wa mchezaji wa upande wa kulia, Georgia